Samatta: Njia ya Wembley ilipita Lubumbashi

Mbwana Ally Samatta ni mshambuliaji wa Tanzania aliyezaliwa Dar es Salaam Desemba 23, 1992, na kukulia Mbagala, wilayani Temeke. Ni Mtanzania wa kwanza kufunga katika Ligi ya Mabingwa Ulaya, wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England na wa kwanza kufunga bao kwenye Uwanja wa Wembley. Kabla ya hapo, mwaka 2015, alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na TP Mazembe ya Lubumbashi, na hakuna aliyefunga mabao mengi kumzidi katika mashindano hayo.

Vijiweni mambo haya husimuliwa kama bahati ya mtu mmoja. Yakipangwa kwa miaka yake, yanaonyesha ngazi yenye vidato vinavyohesabika, kila kidato na mji wake, na hakuna hata kimoja kilichorukwa. Kidato kilichobeba uzito kuliko vyote kilikuwa Kongo, katika mji wa migodi ya shaba ambako Kiswahili husikika kila kona.

Kutoka mchangani

Mbagala iko kusini mwa Dar es Salaam, kandokando ya Barabara ya Kilwa. Ni sehemu ya ukanda wa vitongoji unaolizunguka jiji kutoka Temeke hadi Ubungo na Kinondoni, na mpira wake unafanana na wa Tandika, Manzese au Mabibo. Mabibo ni matunda ya mkorosho, na ndilo jina lililobaki kwenye kitongoji ambacho leo nyumba zimesogeleana ukuta kwa ukuta. Kiwanja cha mpira ni uwazi wowote uliosalia: eneo la shule, pembeni mwa soko, au njia pana kidogo ambayo mchezo husimama kila bajaji inapopita.

Hapo mtoto huanza na chandimu. Mpira ni mifuko ya nailoni na matambara yaliyoviringwa na kukazwa kwa kamba. Magoli ni mawe mawili, au ndala zilizowekwa kwa kupima hatua. Wawili wanaoheshimika huchagua wenzao kwa zamu hadi abaki wa mwisho, ambaye mara nyingi hupelekwa golini. Mwamuzi hakuna, kuotea hakuna, na mpira ukigonga ukuta wa jirani mchezo unaendelea. Mpira wa kamba haudundi, kwa hiyo anayetaka kumpita mtu lazima auweke karibu na mguu. Nafasi ni finyu, na anayechelewa kupiga hupokonywa. Mshambuliaji aliyelelewa hivi huwa mwepesi wa kugeuka, na huzoea kupiga kabla beki hajajipanga.

Baada ya chandimu huja ndondo, yaani mechi za mtaa dhidi ya mtaa zinazochezewa jezi, mbuzi au fedha. Tangu mwaka 2014 jiji lina mashindano makubwa ya aina hiyo, Ndondo Cup, ambayo mechi zake hujaza viwanja kama Bandari kule Tandika na Kinesi kule Ubungo. Ndondo ina sifa, ina kelele na inalipa papo kwa papo. Inachokosa ni kocha wa watoto, ratiba ya mazoezi, lishe na daktari. Vijana wengi wenye kipaji huishia hapo, mashujaa wa mtaa mpaka siku goti litakapowasaliti.

Samatta alitoka mchangani mapema. Timu ya Mbagala Market, iliyobeba jina la soko la nyumbani kwao, ilichukuliwa na mfanyabiashara Mohammed Dewji na kubadilishwa jina kuwa African Lyon. Kuanzia mwaka 2008 kijana huyo aliyekuwa bado hajatimiza miaka 16 akawa mchezaji wake. African Lyon haikuwa klabu kubwa, na hilo lilimfaa. Katika klabu kubwa kijana wa umri ule hukaa benchi nyuma ya majina, lakini pale alipata dakika za kucheza dhidi ya mabeki watu wazima wa Ligi Kuu.

Klabu iliyowahi kuitwa Sunderland

Mwaka 2010 Simba ilimsajili. Kwa mchezaji wa Dar es Salaam hicho ndicho kidato kinachoonekana kuwa cha mwisho, kwa sababu mpira wa jiji umegawanyika katika nyumba mbili za Kariakoo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu pinzani iliyopitia majina ya Queens na Eagles kabla ya kujulikana kwa miaka mingi kama Sunderland. Ilipofika 1971 jina hilo la kigeni likawekwa kando, klabu ikawa Simba. Rangi nyekundu na nyeupe zilibaki.

Sunderland yenyewe ni mji wa kaskazini mashariki mwa England, mji wa viwanda vya meli na makaa ya mawe. Timu yake ilikuwa kileleni katika miaka hiyohiyo ambayo vijana wa Dar es Salaam walikuwa wanaunda klabu zao: ilitwaa ubingwa wa ligi msimu wa 1935/36 na Kombe la FA mwaka 1937. Moyo wa timu ile ulikuwa Raich Carter, mzaliwa wa mji huohuo, aliyezaliwa Desemba 1913. Katika msimu wa ubingwa alifunga mabao 31 ya ligi. Mei 1, 1937, akiwa nahodha mwenye umri wa miaka 23, aliiongoza timu yake kuifunga Preston 3-1 kwenye fainali ya Wembley, na bao moja lilikuwa lake.

Maisha ya Carter yanaonyesha jinsi kazi ya mpira ilivyokuwa kati ya vita vikuu viwili vya dunia. Mchezaji wa England, hata awe hodari namna gani, hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 8 kwa wiki wakati wa msimu. Hakuweza kuhama bila ridhaa ya klabu yake, hata mkataba ukiisha. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 ligi ilisimama, na Carter akapoteza miaka iliyopaswa kuwa bora kuliko yote. Vita vilipokwisha alikuwa Derby, na mwaka 1946 akatwaa nao Kombe la FA. Hakuna mchezaji mwingine aliyelitwaa kombe hilo kabla ya vita na baada yake.

Mlango wa England kwa wageni ulikuwa umefungwa. Mwaka 1931 Chama cha Soka cha England kiliweka sharti kwamba mchezaji kutoka nje awe ameishi nchini miaka 2 kabla ya kuruhusiwa kucheza, na sharti hilo liliondolewa mwaka 1978 tu. Kijana wa Tanganyika angeweza kuvaa jezi yenye jina la Sunderland pale Dar es Salaam, lakini kuifuata England lilikuwa jambo lisilo na njia. Ilibidi ipite zaidi ya miaka 80 ndipo mchezaji aliyepitia klabu hiyo ya Kariakoo afunge bao Wembley kama alivyofunga Carter.

Lubumbashi

Mwaka 2011 Simba ilipangiwa TP Mazembe katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe ilikuwa imetwaa kombe hilo miaka 2 mfululizo, 2009 na 2010. Mwezi Desemba 2010 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, ilikofungwa na Inter Milan 3-0. Simba ilipoteza mechi zote mbili, ya Lubumbashi na ya Dar es Salaam, lakini Wakongo waliondoka wakiwa wameona walichokitaka. Muda mfupi baadaye walimsajili Samatta, pamoja na kiungo wa Uganda wa Simba, Patrick Ochan. Samatta alikuwa na miaka 18.

Uamuzi huo ulikwenda kinyume na ndoto ya wengi. Kijana wa Simba aliyewika kimataifa alitarajiwa asubiri Ulaya, na njia iliyozoeleka ilikuwa ile ya majaribio: kualikwa na klabu kwa wiki mbili, mara nyingi kwenye baridi kali, kucheza na watu usiowajua lugha, kisha kungoja simu. Wachache walifanikiwa kupenya kwa njia zao. Sunday Manara, mchezaji wa Yanga aliyeitwa Kompyuta, alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles mwishoni mwa miaka ya 1970, na jina lake limebaki kuwa la mtangulizi. Lakini waliorudi kimyakimya walikuwa wengi kuliko waliobaki.

Lubumbashi ilikuwa na mambo matatu ambayo majaribio hayatoi. La kwanza ni lugha. Mji huo wa Katanga huongea Kiswahili chake chenye ladha ya Kifaransa na lugha za wenyeji, na kijana wa Mbagala hakuhitaji mkalimani sokoni wala mazoezini. La pili ni klabu yenyewe. Mazembe, iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamisionari wa Kibenedikti, ilikuwa mikononi mwa Moïse Katumbi, mfanyabiashara aliyekuwa pia gavana wa Katanga. Fedha zake ziliipa klabu uwanja wake katika eneo la Kamalondo, usafiri wa ndege na mishahara iliyowavuta wachezaji kutoka Zambia, Ghana na kwingineko. La tatu, na kubwa zaidi, ni mechi. Mazembe hucheza mashindano ya Afrika karibu kila mwaka, na hucheza ili kutwaa kombe.

Samatta alikaa huko karibu miaka 5. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, alikuwa naye katika safu ya ushambuliaji, na kwa miaka hiyo redio za Dar es Salaam zilifuatilia matokeo ya Lubumbashi kama ya timu ya nyumbani. Kijana alizidi kujaa mwili, akajifunza kucheza akiwa ameipa goli mgongo, na akazoea presha ya ugenini katika viwanja vya Afrika Kaskazini, ambako filimbi za mashabiki hazinyamazi dakika 90.

Mavuno yalikuja mwaka 2015. Chini ya kocha Mfaransa Patrice Carteron, Mazembe ilifika fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya USM Alger. Mechi ya kwanza, Oktoba 31 nchini Algeria, Mazembe ilishinda 2-1. Ya pili, Novemba 8 nyumbani Lubumbashi, ilishinda 2-0. Samatta alifunga katika mechi zote mbili, na kila mara kwa penalti. Penalti ya fainali ni kazi ya mtu ambaye benchi zima linamwamini. Alimaliza mashindano akiwa na mabao 7, sawa na Bakri Al-Madina wa El Merreikh ya Sudan, na hilo lilikuwa kombe la tano la Mazembe.

Januari 7, 2016, mjini Abuja, alitangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wachezaji wanaocheza ndani ya bara. Mshindi wa pili alikuwa kipa wa timu yake, Robert Kidiaba. Usiku huohuo Pierre-Emerick Aubameyang wa Gabon alichukua tuzo kuu. Hakukuwa na mchezaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kutwaa tuzo hiyo ya wachezaji wa ndani ya bara kabla ya Samatta, aliyekuwa ametimiza miaka 23 wiki mbili zilizotangulia.

Genk, mji mwingine wa migodi

Mwezi huohuo wa Januari 2016 alihamia Genk ya Ubelgiji. Hakuitwa kwa majaribio. Klabu ilimnunua mfungaji ambaye mechi zake zilikuwa zimeonekana na bara zima, na hapo ndipo faida ya Lubumbashi ilipojionyesha.

Genk iko katika jimbo la Limburg, na kama Lubumbashi, ni mji uliokuzwa na machimbo. Makaa ya mawe yaliwavuta watu kutoka Italia, Uturuki na nchi nyingine, na migodi ilipofungwa miaka ya 1980 klabu mbili za vitongoji vya wachimbaji, Winterslag na Waterschei, ziliungana mwaka 1988 kuwa Genk. Sera ya klabu hiyo inajulikana: hununua au hulea vijana, huwapa nafasi, kisha huwauza klabu kubwa. Samatta alipofika aliwakuta Wilfred Ndidi wa Nigeria na Leon Bailey wa Jamaika, ambao wote wawili waliondoka mwezi Januari 2017, Ndidi kwenda Leicester na Bailey kwenda Leverkusen.

Yeye alibaki miaka 4 na kukua polepole. Msimu wa 2016/17 Genk ilifika robo fainali ya Ligi ya Europa, na katika safari hiyo iliifunga Gent 5-2 ugenini, Samatta akifunga mabao 2. Agosti 2018 alifunga mabao 3 katika mechi moja dhidi ya Brøndby ya Denmark, Genk ikishinda 5-2. Mwanzo huo ulifungua msimu wake bora kuliko yote. Chini ya kocha Philippe Clement alifunga mabao 23 ya ligi, na Mei 16, 2019 sare ya 1-1 na Anderlecht ikaipa Genk ubingwa wa nne katika historia yake. Mwaka huo pia alitwaa Kiatu cha Mpingo, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika katika ligi ya Ubelgiji, ambayo kabla yake iliwahi kwenda kwa Vincent Kompany na Romelu Lukaku.

Ubingwa ulimfungulia Ligi ya Mabingwa Ulaya. Septemba 17, 2019 Genk ilichapwa 6-2 na Salzburg nchini Austria, usiku ambao Erling Haaland alifunga mabao 3, lakini bao la pili la Genk lilikuwa la Samatta, na lilikuwa bao la kwanza la Mtanzania katika mashindano hayo. Novemba 5 kwenye Uwanja wa Anfield, Liverpool wakiwa mabingwa wa Ulaya, aliruka kwenye kona na kupiga kichwa kilichosawazisha. Genk ilipoteza 2-1, lakini klabu za England zilikuwa zimemwona akifunga kwenye ardhi yao.

Miezi sita ya England

Siku ya mwaka mpya 2020 mshambuliaji wa Aston Villa, Mbrazili Wesley, aliumia goti vibaya. Villa ilikuwa inapambana isishuke daraja na haikuwa na mfungaji mwingine wa kutegemewa. Januari 20 ikatangaza kumsajili Samatta kwa mkataba wa miaka minne na nusu.

Kibali cha kazi kilikuwa kikwazo cha kweli. Kanuni za wakati ule zilitazama nafasi ya timu ya taifa ya mchezaji katika orodha ya FIFA, na mchezaji wa nchi iliyo nje ya 50 bora alipaswa kujieleza kwa sifa zake mwenyewe. Tanzania ilikuwa mbali sana na 50 bora. Sifa za Samatta zilikuwa zimeandikwa tayari: bingwa wa Afrika, bingwa wa Ubelgiji, mabao ya Ligi ya Mabingwa. Kila kidato cha ngazi kilimtolea ushahidi.

Alicheza mara ya kwanza Januari 28 katika nusu fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Leicester, ambayo Villa ilishinda 2-1 na kwenda fainali. Februari 1 alifunga dhidi ya Bournemouth ugenini, Villa ikipoteza 2-1, na Ligi Kuu ya England ikapata bao lake la kwanza la Mtanzania.

Fainali ilichezwa Wembley Machi 1, 2020 dhidi ya Manchester City, saa moja na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Kwa Dar es Salaam hiyo ni saa ya watu kujipanga kwenye mabenchi ya vibanda umiza, vile vyumba vya mabati na televisheni ambamo mpira wa Ulaya hutazamwa kwa kiingilio kidogo, kuanzia Mabibo hadi Mbagala. Sergio Agüero na Rodri waliipa City mabao 2 ndani ya nusu saa. Dakika ya 41 Anwar El Ghazi aliinua krosi. Beki John Stones alikuwa ameteleza, na Samatta, aliyekuwa ameanza kukimbia kabla mpira haujapigwa, alijirusha mbele na kuupiga kichwa akiwa sambamba na nyasi. Kipa Claudio Bravo hakuufikia. City ilishinda 2-1 na kombe likabaki Manchester, lakini bao lile limebaki kuwa picha inayotajwa kwanza kila jina la Samatta linapozungumzwa.

Siku chache baadaye virusi vya korona vilisimamisha ligi. Iliporudi mwezi Juni, viwanja vilikuwa vitupu na Villa ilikuwa inapigania uhai wake. Ilinusurika siku ya mwisho, Julai 26, kwa sare ya 1-1 na West Ham. Samatta alimaliza msimu akiwa na mechi 14 za ligi na bao 1. Hesabu hiyo ni ndogo, na haiwezi kutenganishwa na mazingira yake: aliingia katikati ya msimu kwenye timu iliyotengeneza nafasi chache, akakatizwa kwa miezi 3 mara tu alipoanza kuzoea. Septemba 2020 Villa ilimnunua Ollie Watkins, na mwezi huohuo Samatta akaenda Fenerbahçe ya Uturuki.

Baada ya England

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kuhamahama, kama ilivyo kwa washambuliaji wengi waliokaribia miaka 30. Fenerbahçe ilimpeleka kwa mkopo Antwerp msimu wa 2021/22. Oktoba 2021 timu hizo mbili zilikutana Istanbul katika Ligi ya Europa, na Samatta akaifunga klabu iliyokuwa bado inammiliki, mechi ikaisha 2-2. Msimu uliofuata alirudi Genk, pia kwa mkopo.

Mwaka 2023 alijiunga na PAOK ya Thessaloniki, na msimu wa 2023/24 akatwaa ubingwa wa Ugiriki. Hilo likawa taji la ligi katika nchi ya pili ya Ulaya. Mwaka 2025 alihamia Ufaransa, katika klabu ya Le Havre, iliyoanzishwa mwaka 1872 katika mji wa bandari. Akiwa anaelekea miaka 33, alikuwa bado anacheza katika moja ya ligi kubwa tano za Ulaya.

Kitambaa cha Taifa Stars

Katika timu ya taifa Samatta alikutana na kazi ngumu kuliko ya klabu yoyote. Tanzania ilikuwa imeshiriki fainali za Afrika mara moja tu, mwaka 1980 mjini Lagos, baada ya bao la Peter Tino dhidi ya Zambia mjini Ndola kuifuzisha. Kizazi baada ya kizazi kililelewa kwa kumbukumbu ya bao hilo moja.

Novemba 2015 ilionyesha umbali uliokuwepo. Siku 6 baada ya kutwaa kombe la Afrika, Samatta alikuwa Dar es Salaam kuikabili Algeria katika mchujo wa Kombe la Dunia. Elias Maguli alifunga, Samatta akaongeza la pili, na Stars ikawa inaongoza 2-0 hadi Islam Slimani aliposawazisha kwa mabao 2. Siku 3 baadaye, mjini Blida, Algeria ilishinda 7-0. Mchezaji mmoja wa kiwango cha juu hawezi kuibeba timu ambayo wenzake hawajawahi kucheza katika kiwango hicho.

Mwaka 2016 alikabidhiwa kitambaa cha unahodha kutoka kwa beki Nadir Haroub, maarufu kama Cannavaro. Machi 24, 2019 Stars iliifunga Uganda 3-0 Dar es Salaam na kufuzu fainali za Misri, ikiwa ni miaka 39 tangu Lagos. Huko Cairo ilifungwa na Senegal 2-0 na Algeria 3-0. Mechi ya katikati, Juni 27, ilikuwa ya majirani. Simon Msuva alifunga mapema, Kenya ikasawazisha kupitia Michael Olunga dakika ya 39, na dakika moja baadaye Samatta akairudisha Tanzania mbele. Kenya ilishinda 3-2, lakini mabao hayo mawili yalikuwa ya kwanza kwa Tanzania katika fainali za Afrika tangu 1980. Stars ilifuzu tena fainali za 2023 nchini Ivory Coast, ilikopata sare na Zambia na DR Congo, kisha zile za 2025 nchini Morocco. Kilichokuwa tukio la maisha kimeanza kuwa ratiba.

Nje ya uwanja, Samatta na mwanamuziki Ali Kiba waliunda taasisi ya SamaKiba, na mwaka 2018 walianza kucheza mechi ya hisani Dar es Salaam, kila mmoja na timu yake, kuchangia shule.

Ngazi waliyoachiwa wadogo zake

Baada ya Samatta, Genk ilimsajili Mtanzania mwingine, mshambuliaji kijana Kelvin John, mwaka 2021. Novatus Miroshi, aliyepitia Azam ya Chamazi, alikwenda Israel, kisha Ubelgiji, na mwaka 2023 alicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya akiwa Shakhtar Donetsk ya Ukraine. Kila mmoja alipanda hatua kwa hatua, akikaa mahali ambapo angepata mechi kabla ya kusogea mbele.

Lubumbashi nayo haiko mbali kama ilivyokuwa mwaka 2011. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba ikafika fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025. Mechi kubwa za bara ambazo Samatta alizifuata Katanga sasa huchezwa Dar es Salaam, na macho ya wanunuzi huzifuata hukohuko. Chamazi, upande huohuo wa Mbagala, Azam ina uwanja wake na akademi ya vijana inayofundisha, kulisha na kutibu.

Sehemu ya juu ya ngazi, basi, imesogezwa karibu. Ile ya chini imebaki ilipokuwa. Akademi moja haiwezi kuwachukua watoto wote wa ukanda ule, na viwanja vya mitaa vinazidi kupungua kadiri nyumba zinavyoongezeka. Samatta alipata timu ya Ligi Kuu iliyozaliwa sokoni kwao, akiwa na umri unaofaa. Kwa mtoto wa Mabibo anayecheza chandimu leo, kidato hicho cha kwanza, cha kutoka kwenye mpira wa kamba hadi timu yenye kocha, bado ndicho kigumu kuliko vyote.